Ukuta wa magogo unashuka: je, fundi anatuchezea?

SWALI: Mtaalamu, tunajengewa nyumba ya magogo mabichi. Kuta zilisimama, paa likaezekwa, na tangu hapo huu ni mwezi wa nane kazi inakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Juu ya kila fremu ya dirisha fundi ameacha uwazi wa kama sentimita 7, akaujaza sufi tu. Magogo yanapasuka. Kila mwezi anakuja, anazungusha nati kwenye nguzo za baraza, anaondoka. Tunachezewa?

JIBU: Hamchezewi. Hiyo nati ndiyo iliyonituliza niliposoma swali lako, kwani fundi asiyeyajua magogo asingerudi kuizungusha.

Gogo bichi limejaa maji. Likianza kukauka hutaona badiliko lolote, kwa sababu yanayotangulia kutoka ni yale yaliyo huru ndani ya vitundu vya mti. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, huanza kutoka maji yaliyoshikwa na nyuzi zenyewe, na hapo gogo linasinyaa. Linasinyaa kwa unene. Kwa urefu ni kidogo mno. Sasa ukuta wenu ni magogo yaliyolazwa, moja juu ya jingine. Kila moja likipungua unene kidogo, ukuta mzima unashuka.

Kwa magogo mabichi wajenzi wengi hukadiria asilimia 6 ya kimo. Ukuta wa mita 2.7 basi utashuka kama sentimita 16. Dirisha la kimo cha mita 1.2 linahitaji uwazi wa sentimita 7 juu yake, nao ndio huo uliouona. Mlango wa mita 2.1 unataka zaidi ya 12. Pima na pale.

Nguzo ya baraza imesimama wima, kwa hiyo haifupiki. Nati isipoteremshwa, ukuta utashuka huku nguzo ikiendelea kuibeba boriti pale pale, na paa litapinda.

Nilipokuwa kijana kazini niliwahi kubana dirisha bila kuacha uwazi, nikaona limekaa vizuri ajabu. Baada ya miezi kadhaa gogo la juu lilikuwa limekalia fremu. Dirisha halikufunguka tena, na kando yake magogo yalikuwa yameachana kiasi cha kupitisha kidole. Upepo ulikuwa ukiingia hapo usiku kucha na kile kilikuwa chumba cha watoto. Nililing'oa lote nikaanza upya. Tangu siku hiyo sioni aibu kumwambia mwenye nyumba asubiri.

Kuhusu nyufa: gogo husinyaa kwa mzunguko wa pete zake karibu mara mbili ya linavyosinyaa kuelekea moyoni, kwa hiyo halina budi kupasuka mahali fulani. Fundi makini huchana mfereji kwenye mgongo wa gogo, mahali ambapo gogo linalofuata litaufunika, ili ufa mkubwa ufuate njia hiyo. Nyufa zinazoelekea moyoni si ugonjwa. Unaopaswa kukushughulisha ni ule ulio upande wa nje na mdomo wake umeelekea juu, maana unakinga mvua na maji yakituama humo mti utaoza. Huo uzibwe kwa ziba inayonyumbuka, na usiharakishe kuuziba kabla haujamaliza kupanuka.

Mnaweza kuufuatilia mshuko huu wenyewe. Chukueni ufito mnyoofu, mrefu karibu kama ukuta, muupigilie kwenye gogo la chini kabisa peke yake, kisha chora mstari wa penseli kwenye gogo la juu pale ncha ya ufito inapofika. Kila mwezi chora mwingine na uandike tarehe. Mstari wa kwanza utaukuta umeteremka chini ya ncha, pengine milimita chache tu, na mwezi mwingine usione kitu kabisa. Kwa kawaida mshuko huisha kati ya miaka 2 na 5, kutegemea aina ya mti, unene na hali ya hewa. Msiukimbize kwa kuwasha moto mkali ndani: ngozi ya gogo hukauka kabla ya moyo, na nyufa huzidi.

Fundi akija tena, mwulize mambo matatu. Fremu zimepigiliwa misumari kwenye magogo, au zinateleza kwenye ulimi ulioingia mferejini? Jibu sahihi ni la pili. Mabomba yanayopanda ghorofani yameachiwa nafasi ya kucheza? Na ngazi: imefungwa juu na chini, au upande mmoja uko huru? Ikiwa imebanwa kote, ifunguliwe upande mmoja mapema, kabla ukuta haujashuka zaidi.