Mjamzito wiki ya 6, niache vidonge vya thairoidi?

Dada usiache. Naanza na hilo maana umesema una wiki sita na wifi yako kakutisha eti levothairoksini itamdhuru mtoto. Ni kinyume chake, hiyo dawa ni homoni ileile ambayo tezi yako ya thairoidi (ile ya shingoni) ingetengeneza kama ingekuwa nzima, na mtoto tezi yake haijaanza kazi mpaka kwenye wiki ya 12 hivi, kwahiyo sa hivi anategemea ya kwako.

Mimi mimba ya kwanza nilikuwa kwenye mikrogramu 75, TSH (kipimo cha damu, kikiwa juu maana yake homoni ya tezi haitoshi) 2 na kidogo, nikajiona niko poa. Kliniki wakanipa vidonge vya madini ya chuma, na mimi kwa uvivu wa kukumbuka nikawa nabugia vyote pamoja asubuhi. Wiki kadhaa mbele nimechoka mpaka nikipanda ngazi nakaa katikati, kila mtu ananiambia mimba hiyo, nikaamini (uchovu wa mimba na wa tezi huwezi kuutofautisha, usijipime kwa hisia). Kuja kupima, TSH 8! Daktari akauliza swali moja tu, vidonge unamezaje? Kumbe chuma na kalsiamu zinaikamata dawa tumboni isiingie mwilini. Toka siku hiyo ya thairoidi nameza nikiamka na maji matupu, nasubiri nusu saa mpaka lisaa ndo nile, chuma nikahamishia usiku. Yapishane angalau masaa manne.

Halafu dozi inapanda, wengi wetu kama robo mpaka theluthi zaidi, na inaanza mapema mno, ndo maana usisubiri tarehe ya kliniki, kapime wiki hii. Mimba ya pili daktari alishaniambia kabla, nikikosa siku zangu na kipimo kikasoma, niongeze vidonge viwili kwa wiki yani 9 badala ya 7 alafu nije kupima. Usiige bila daktari wako kusema. Nikawa napima kila wiki 4 mpaka nusu ya mimba, kisha tena karibu na wiki ya 30, lengo langu TSH ikae chini ya 2.5. Nilivyojifungua tu nikarudishwa dozi ya zamani, nikapima wiki ya 6. Kunyonyesha ruksa.

Ila yule rafiki yako uliyemtaja, ambaye tezi yake inazidisha homoni asifuate haya yangu, dawa zake ni zingine kabisa na huwa zinabadilishwa kulingana na miezi ya mimba, aende kwa daktari wake mapema.