Maswali na Majibu: Nyuzi za Selsiasi na za Farenhaiti

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua kipimajoto cha kidijitali katika duka la dawa, na mwanangu wa miaka minne aliposhikwa na homa usiku, kilionyesha 100.9. Shangazi yake alisema kimeharibika, kwa kuwa maji yenyewe huchemka kwa nyuzi 100. Mpwa wangu akatoa 30, akagawanya kwa mbili, akapata 35 na ushei, akasema mtoto amepoa. Nimwamini nani?
Mama wa Igoma, Mwanza

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza. Wote wawili wamekosea, na kosa la mpwa wako ndilo la hatari zaidi. Kipimajoto chako ni kizima, ila kinasoma kwa Farenhaiti, kipimo kilichotolewa na Daniel Gabriel Fahrenheit mwaka 1724, ambacho ndani yake maji huganda kwa nyuzi 32 na kuchemka kwa 212. Zile 100 anazozijua shangazi ni za Selsiasi, kipimo cha Anders Celsius wa Sweden cha mwaka 1742, ambacho ndicho tunachofundishwa shuleni na kinachotumika katika hospitali zetu.

Ili kupata Selsiasi, toa 32 kisha gawanya kwa 1.8. Ukitoa 32 katika 100.9 inabaki 68.9, na ukigawanya unapata 38.3. Kwa kuwa homa huhesabiwa kuanzia 38, mtoto alikuwa na homa kweli, na huku kwetu kandokando ya ziwa, ambako malaria haijatuachia, mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya akapimwe damu bila kungoja aonekane amelegea. Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu akifika 38, apelekwe saa hiyo hiyo.

Njia ya mkato aliyoitumia mpwa wako inafaa kwa hali ya hewa peke yake. Ndugu aliyeko Marekani, ambako Farenhaiti ingali inatumika, akikuandikia kwamba kwao leo ni 86, njia hiyo itakupa 28, ilhali hasa ni 30, na nyuzi mbili hazimdhuru mtu anayechagua nguo ya kuvaa. Mwilini mambo ni tofauti kabisa, kwa maana nyuzi mbili zinatosha kumtoa mtu katika uzima na kumtia katika homa kali, na kwa 100.9 njia hiyo imepunguza karibu nyuzi tatu nzima. Ninakusihi uandike namba nne kwenye karatasi uibandike ndani ya kabati la dawa: 98.6 ni 37, 100.4 ni 38, 102.2 ni 39, na 104 ni 40. Tazama pia herufi ndogo iliyo kando ya namba, C au F, kwa sababu vipimajoto vingi vina kitufe cha kubadili kipimo, na mtu anaweza kukigusa bila kujua.

SWALI: Mashine yangu ya kutotolesha vifaranga imekuja na maelekezo kwamba joto liwe 99.5 F na lisipande wala kushuka kwa zaidi ya nyuzi 1. Simu imebadili 99.5 kuwa 37.5, lakini ile 1 imeifanya kuwa 17.2 chini ya sifuri. Nifuate ipi?
Mfugaji, Magu

JIBU: Ile 37.5 ni sahihi. Ile nyingine simu imeijibu kama joto la mahali fulani, nawe ulitaka kujua ukubwa wa badiliko. Badiliko halitolewi 32 kamwe. Hugawanywa kwa 1.8 tu, kwa hiyo nyuzi 1 ya Farenhaiti ni kama 0.6 ya Selsiasi. Joto la mashine yako likae basi kati ya 36.9 na 38.1, na usiache likakaa juu kwa muda mrefu, maana mayai hudhurika upesi zaidi kwa joto lililozidi kuliko kwa lililopungua kidogo.

SWALI: Maji yangu yanatokota lakini kipimajoto cha jikoni kinaishia 205 F, si 212. Je, ni kibovu?
Mpishi, Kirumba

JIBU: La. Ile 212 ni ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu yake, mahali ambapo mgandamizo wa hewa umepungua na maji huchemka kwa takriban nyuzi 96 za Selsiasi, ambazo ni kama 205 zako. Ukitaka kukihakikisha, jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika chache, kisha tumbukiza ncha yake bila kugusa glasi: kinapaswa kusoma 32.