Jibu: Promethazini na kuendesha boda

Mkuu, umeuliza kama unaweza kumeza promethazini uliyoandikiwa kwa aleji ya vumbi la hapa Dodoma, halafu asubuhi ukaendesha boda. Hata ukiimeza usiku, kesho yake kichwa kinaweza kuwa kizito bado, kwa hiyo ianze siku ambayo huendi kijiweni uone inavyokuchukua. Pombe achana nayo, na wanzuki pia ni pombe, tusidanganyane. Dawa nyingi za mafua za dukani zina klorofeniramini, nayo ni dawa ya aleji inayoleta usingizi; ukichanganya unajizidishia usingizi. Una presha ya macho au tezi dume? Mwambie daktari kwanza. Mwanao wa mwaka mmoja anayepiga chafya usimgawie kabisa: chini ya miaka 2 inaweza kumzuia kupumua. Ikizidi kukulevya, rudi kwa daktari umuulize kuhusu setirizini, dawa nyingine ya aleji, usingizi wake huwa mdogo.