Vinasaba na dozi ya warfarini

SWALI: Mzee wetu amewekewa vali ya chuma kwenye moyo, anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Eti kompyuta inaweza kusoma vinasaba ikataja dozi yake? Msomaji, Masasi, Mtwara.

JIBU: Inakadiria. Programu hufunzwa kwa rekodi za wagonjwa ambao dozi yao ilishatulia, kisha hupewa umri, uzito, dawa nyingine na jeni mbili: VKORC1, ambayo warfarini huilenga, na CYP2C9, inayoongoza kasi ya ini kuivunja dawa. Nyingi zilifunzwa zaidi kwa data za Wazungu, na hapo ndipo penye hatari kwetu. CYP2C9*8, aina ya jeni hiyo ya pili inayopatikana hasa kwa wenye asili ya Afrika, mara nyingi haipimwi; aliye nayo huhesabiwa wa kawaida, hupangiwa dozi kubwa mno, damu ikavuja. Ulizeni maabara kabla ya kulipa: aina za CYP2C9 ziitwazo *5, *6, *8 na *11 zimo?

Hata zikiwemo, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) msiache kupima. Vinasaba havijui kwamba juzi mzee alipewa metronidazo, inayoipandisha, wala kwamba kisamvu, kinachoishusha, sasa kinapikwa kila siku. Kisamvu ale, ila kwa kiasi kilekile. Fizi zikitoka damu au choo kikiwa cheusi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.