Re: Seiko 5 ya mtumba inasimama usiku, ni mbovu?

Hongera mkuu, umepata saa nzuri. Usiihukumu bado. Umesema nyuma imeandikwa 7S26, yaani namba ya mashine ya ndani: hiyo ni otomatiki, haina betri, inajijaza kwa mwendo wa mkono, na kuitia ufunguo kwa kidude cha pembeni haiwezekani. Itikise taratibu nusu dakika, kisha ivae kutwa nzima. Ikijaa inatakiwa itembee takriban saa 40 hata ukiivua. Ikizima mapema, huenda mafuta yamekauka. Ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha.

Mimi juzi nimenunua Seiko mpya yenye mashine ya 4R36, hiyo unaitia ufunguo. Ila ile ya marehemu baba, kioo kimechubuka karibu na namba 3, ndiyo siivui.