Mfongo wa wazee: tuuzibe kwa zege?

SWALI: Tuna nyumba ya wageni Marangu, Kilimanjaro. Mfongo wa zamani, yaani mfereji wa asili wa Wachaga wa kumwagilia, unaopita kihambani (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) umejaa tope. Fundi anashauri zege, na masale ya mpakani (mimea ya dracaena, yenye majani marefu) yang'olewe tuweke waya. Mnasemaje?

JIBU: Zege subirini. Kwanza ongeeni na wanaotumia maji hayo huko chini, maana mfongo ni mali ya wengi hata ukipita kwenu. Zoeni tope kabla ya masika, lakini msichimbe kupita sakafu ya zamani. Hapo ndipo wengi huharibu: mteremko ukizidi, maji hukata kingo, ukipungua, tope hurudi. Kwa mfereji wa udongo, sentimita 20 hadi 50 kwa kila meta 100 zinatosha. Pimeni kwa mpira wa maji, ule wa waashi wa kupimia usawa. Panapovuja, shindilieni udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka la sentimita 10 kwa wakati. Mkaratusi ukingoni msipande kabisa, unafyonza maji mno.

Masale yaacheni! Kwa Wachaga ndiyo mpaka, na ndilo jani la kuombea msamaha. Waya hauna mizizi ya kushika udongo. Penye pengo, kateni vipande vya sentimita 40, viwekeni kivulini siku mbili kidonda kikauke, kisha fukieni theluthi moja, sentimita 20 kati ya kimoja na kingine. Vikizikwa vibichi kwenye tope huoza.

Wageni wakiuliza, waambieni kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu, kijiji cha Kilimanjaro, kilitambuliwa na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia wa kilimo.