Tuanze na zamu, kisha tuwadai chanjo

Mhariri, juma hili mmeuliza kwa nini wanafunzi wa fani za afya, ambao kesho ndio watakaowahimiza wengine kuchanja, wenyewe hawaitilii maanani chanjo ya homa ya mafua, na kama inafaa walazimishwe kuchanjwa kabla ya kuingia wodini. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi hapa Tanga, na najibu kwa yale ninayoyasikia kwa wanafunzi ninaowasimamia.

Wengi wao hawaipingi chanjo. Ile ya homa ya ini B huifuata wenyewe, na aliyekosa dozi moja huja kuuliza ataikamilisha lini, kwa sababu anajua kwamba sindano iliyotoka kwa mgonjwa inaweza kumchoma na yeye. Homa ya mafua hawaiogopi. Kijana mwenye afya yake huugua siku chache, hunywa chai ya tangawizi na limau, hujifukiza, kisha huinuka. Ukimwambia kwamba Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka vitokanavyo na maradhi ya upumuaji yaletwayo na homa hiyo, huziandika tarakimu daftarini kwa ajili ya mtihani, wala hazimgusi, maana wengi wa wanaokufa si wa rika lake. Ni wazee, watoto wachanga, wenye maradhi ya moyo, pumu au kisukari. Yaani ni hao hao aliowahudumia asubuhi.

Hapo ndipo naona ufundishaji wetu una kasoro. Chanjo ya homa ya ini tunamweleza mwanafunzi kuwa ni kinga yake, na ya homa ya mafua ingetupasa tumweleze kuwa ni kinga ya mgonjwa pia, nasi hatufanyi hivyo. Mtoto hapewi chanjo hii mpaka atimize miezi sita. Kabla ya hapo hutegemea kinga aliyoipata kwa mama aliyechanjwa akiwa mjamzito, pamoja na usalama wa mikono na pumzi za wanaomshika. Tena mtu mzima anaweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajajihisi mgonjwa, kwa hiyo ahadi ya kwamba "nikiumwa nitavaa barakoa" haitoshi.

Hata hivyo sikubali lawama zote ziwaangukie vijana. Nimemwona mwanafunzi katika wodi ya wazazi, macho mekundu, leso imefutikwa mfukoni mwa koti jeupe, akimviringisha mtoto kwenye kanga huku amegeuzia uso begani ili akohoe. Nilipomuuliza kwa nini hakubaki hosteli, alinionyesha daftari lake la zamu: siku isiyotiwa saini huhesabiwa kuwa hakuwapo, na hulipwa wakati wa likizo, wenzake wakiwa wameshakwenda makwao na yeye akijitafutia chakula na pa kulala. Kwa utaratibu wa namna hiyo, hata tukisema vingine darasani, tunamfundisha kwamba homa ya mafua si ugonjwa wa kumweka mtu kitandani.

Wapo pia wanaosema kuwa chanjo yenyewe ndiyo huleta mafua. Chanjo ya sindano iliyozoeleka ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, ambavyo haviwezi kumwambukiza mtu. Anaweza kuumwa mkono au kupata homa ndogo ya siku moja mbili, na kwa kuwa kinga huchukua kama majuma mawili kujengeka, anaweza kuugua katikati kwa virusi alivyovipata kwingine. Tuwaambie pia ukweli usiopendeza: virusi hivi hubadilika, ndiyo maana chanjo hupitiwa upya mara mbili kila mwaka, na hata ikiwiana navyo vizuri hupunguza hatari ya kuugua kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 60. Mwanafunzi aliyeahidiwa kinga kamili, kisha akaugua, hatatuamini tena hata katika chanjo nyingine.

Kuhusu kulazimisha, jibu langu kwa sasa ni hapana. Chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo zinazotolewa bure nchini. Anayeitaka huitafuta na kuilipia mwenyewe. Si haki kumdai mwanafunzi kitu ambacho hatujamletea. Iletwe chuoni bure, na wauguzi na madaktari wanaowasimamia wachanjwe kwanza mbele yao, kama Rais Samia Suluhu Hassan alivyochanjwa hadharani dhidi ya UVIKO-19 Julai 2021. Zamu iliyokosekana kwa homa iliyothibitishwa na mganga ifidiwe muhula huo huo, bila adhabu. Yatakapokuwa yamefanyika hayo, atakayekataa bado asifukuzwe chuo; avae barakoa muda wote mafua yanapovuma, na zamu zake zipangwe mbali na wodi ya watoto wachanga.